Mwonjaji wa Sungura wa Serikali

Kitu cha kwanza alichokiona Verdiane kilikuwa kufuli. Kufuli la gereza lilikuwa limehamia kwenye kizimba cha sungura.

Alilifahamu vizuri. Lilikuwa jeusi, zito, na kila aliyewahi kuchelewa kulipa kodi angeweza kulichora akiwa amefumba macho. Sasa lilining'inia kwenye kizimba cha mbao nyuma ya nyumba ya Bwana Ajenti, na mlango wa gereza ulifungwa kwa kamba ya mgomba. Wafungwa waliombwa wasitoke. Kwa kuwa walikuwa watu waliolelewa vizuri, hawakutoka, isipokuwa mchana kwenda kula kwao, kisha wakarudi na kuifunga kamba wenyewe kwa ndani.

Verdiane aliona, akapita na kuni zake, hakumwambia mtu. Hakuwa msichana wa kuwaambia watu mambo. Shuleni kwa watawa alifika darasa la tatu, na mwalimu alisema juu yake kwamba majibu anayo ila hayatoki. Kisha baba yake akapelekwa msitu wa Walikale, huko upande wa Buleusa, kugema mpira wa miti kwa ajili ya vita vya Wazungu. Mpira ulifika salama. Baba hakurudi, na Verdiane akashika jembe.

Jumapili iliyofuata, habari ya kufuli ikaelezwa. Watu walipotoka misa walimkuta karani Hilaire amesimama juu ya kreti ya bia mbele ya kanisa, karatasi mkononi, na polisi Sebarenzi pembeni yake na filimbi. Filimbi ikalia.

"Kwa jina la Serikali!" Hilaire akatangaza. "Watu wote wa kilima hiki, wake kwa waume, wenye meno na wasio na meno, wanajulishwa kwamba tangu leo imezaliwa Komisyo ya Majani Mabichi na Usalama wa Sungura! Nchi nyingine zinangoja maendeleo. Kwetu yamekwisha kufika, yako kizimbani!"

Watu waliipigia tume hiyo mpya makofi. Ilikuwa desturi nzuri ya mahali pale kupiga makofi kwanza na kuulizana baadaye, njiani, kwa sauti ya chini.

Wapo wanaodhani kwamba mambo ya Serikali huzuka bila sababu. Hapana. Sababu huwa ipo, na safari hii ilikuwa na masikio marefu.

Mwaka ule wa 1954, kituo kidogo cha Serikali kilichokuwa juu ya njia ya Burungu kiliongozwa na Ajenti mmoja Mbelgiji ambaye watu walimwita Bwana Mara-Moja, kwa kuwa hilo ndilo neno la Kiswahili alilokuwa nalo. Mengine yote aliyaazima kwa Hilaire. Mkewe, Madame Adelaïde, alikuja na sungura watatu ndani ya kikapu: Bijou, Coco na Monsieur. Hawakuwa sungura wa kuliwa. Jambo hilo lilielezwa kwa raia mara nyingi, na kila mara raia waliomba lielezwe tena.

Monsieur alikuwa mkubwa kuliko wote, mweupe, mnene, mwenye uso wa mtu anayesubiri kuhudumiwa. Jina lake lilimtesa karani Hilaire. Hilaire alikuwa mtu aliyeendelea. Hata muhindi wa kuchoma aliula kwa uma. Aliomba ile kadi wanayopewa Waafrika walioendelea, akaambiwa asubiri, naye akasubiri kola ikiwa imepigwa pasi. Lakini Wazungu wote walimwita Hilaire, Hilaire tu, kama mtu anavyoitwa aliyeacha mlango wazi. Na sungura wakamwita Monsieur, ndiyo kusema Bwana. Kila asubuhi ilimlazimu Hilaire aandike kwenye ripoti: "Monsieur amelala vizuri. Monsieur amekula. Monsieur ameenda choo."

Hapo mwanzo Bwana Mara-Moja aliamuru kila nyumba ilete mzigo wa majani mabichi kila asubuhi, mara moja. Raia wakaleta, tena mara moja, yaani kabla jua halijachomoza, majani yakiwa yamelowa umande. Yakarundikwa nyuma ya jiko, yakapata joto mpaka yakatoa mvuke. Bijou akala. Tumbo likavimba kama ngoma, na jioni akafa. Bwana alimwagiza Sebarenzi amkamate mwenye kosa. Sebarenzi alilikagua lile rundo, akaona haliwezi kuingia gerezani, akamkamata aliyeleta mzigo wa mwisho.

Madame alilia. Alifuga sungura tangu utoto wake, akajua makosa yalipo. Alimweleza mumewe kwamba majani yaoshwe, yapanguswe maji, yatandazwe kivulini, yasirundikwe, jani jipya litolewe kidogo, aina moja kwa wakati, na kesho yake mtu atazame mavi ya sungura kabla ya kuongeza, na kila siku nyasi kavu ziwe nyingi kuliko mbichi. Bwana alimsikiliza kwa makini, kisha akamwambia kwamba jambo hili sasa lina Komisyo, na yeye hawezi kuingia ndani yake, kwa kuwa sungura ni wake na angeweza kuwapendelea.

Komisyo ilikuwa na Hilaire, rais. Straton, yule monitere aliyefundisha watu kilimo, makamu. Na Sebarenzi, mjumbe wa usalama. Ilikaa siku nyingi. Ilitoa vifungu vinane, ambavyo ni yaleyale aliyoyasema Madame ila yakiwa marefu zaidi. Kisha Hilaire akaona kazi haijakamilika.

"Kitu moja inakosa," akasema. "Desturi."

"Desturi gani, Rais?" Straton akauliza.

"Mugeni akifika kwako, unamupa pombe namna gani?"

"Ninaonja kwanza."

"Kwa nini?"

"Aone haina sumu."

"Ukimupa bila kuonja?"

Straton alicheka. "Ah! Ataondoka. Na ukoo yake yote haitarudi."

"Sasa sungura hawa wametoka wapi? Ulaya. Njo wageni. Wageni ya nani? Ya Leta." Leta ndivyo watu wa huku walivyoiita Serikali, na ndio waliitamka njo. "Bijou alikufa kwa sababu gani? Hakuna muntu aliyeonja!"

Katika vilima vyote vya Masisi hakuna aliyewahi kufikiri mpaka huko. Ndipo kikaandikwa kifungu cha tisa: "Jani lolote lisimfikie sungura kabla anayelitoa hajalitafuna. Atalitafuna mbele ya watu. Hatalitema, hatalimeza, wala hatasema neno, mpaka sungura awe ameanza kula."

"Na sungura akikataa kula?" Straton akauliza.

"Sungura ya Leta hawezi kukataa."

Utaratibu ulianza Jumatatu iliyofuata. Raia walipanga foleni mbele ya kizimba, kila mmoja na majani yake, na Hilaire akakaa mezani na muhuri.

"Hii nini, Mama Emérita?"

"Matembele, Papa Karani."

"Iko ya leo ao ya jana?"

"Ya saa hii. Nimeosha, nimepangusa jani moja moja na kitenge yangu ya misa."

"Haikuwa na moshi, ile kitenge?"

"Papa Karani, watoto yangu wanakula kila siku, sijawapangusiaka kitu."

"Njo kwa sababu hawana Komisyo," Hilaire akajibu, akagonga muhuri. "Tafuna."

Emérita akatafuna. Nyuma yake wengine nao wakatafuna. Ikawa foleni ya watu wenye mashavu yaliyojaa, kimya kabisa, wakimtazama sungura aanze. Bwana Mara-Moja alitoka barazani na kikombe chake cha kahawa, akafurahi. Tangu afike Kongo hakuwahi kuwaona raia watulivu namna ile.

Lakini mtu anayetafuna halimi barabara, na barabara ilihitaji kulimwa. Ikabidi apatikane mwonjaji wa kudumu. Komisyo ilitafuta mtu mwenye sifa mbili: awe na meno mazuri, na asiwe na maneno. Sebarenzi akasema, "Yule binti ya Nyirabagenzi." Hakuna aliyepinga, na Verdiane akaitwa.

Jioni mama yake alimkuta Verdiane amekaa jikoni, ulimi wake wa kijani.

"Wamekupa kazi gani, mama?" Nyirabagenzi alimwita binti yake mama kila alipoanza kuogopa jambo.

"Kuonja."

"Kuonja nini?"

"Majani."

"Ya nani?"

"Ya sungura."

Nyirabagenzi alikaa chini taratibu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye kilima cha pili, lakini safari hii alinong'ona. "Na mushahara?"

"Heshima, wanasema."

"Heshima! Ile inapikwa na chumvi ao na mafuta?"

Kazi ya kuonja ilifanyika kwa uaminifu, na matunda yake yakaonekana upesi. Inyabarasanya, yale magugu ambayo mbegu zake hunata kwenye nguo, Verdiane aliyatafuna akakunja uso, kwa kuwa ni machungu. Komisyo ikayakataa, ikayagonga muhuri mwekundu, na Coco na Monsieur, walioyapenda kuliko kitu chochote, wakayaona yakitupwa. Majani ya kitunguu aliyatafuna bila kukunja uso, kwa kuwa ni matamu. Komisyo ikayapitisha kwa kauli moja. Coco akayala, akalala ubavu, akaacha kusimamisha masikio. Madame alikaa naye chini kwenye sakafu mchana kutwa, akimpa maji na nyasi kavu na kumsugua tumbo, na mara kwa mara alisema kitu kwa Kifaransa ambacho Hilaire hakukitafsiri. Coco alipona.

Komisyo ilikutana kwa dharura kutafuta kosa. Kifungu cha tisa hakikuwa na kosa, kiliandikwa vizuri. Mwonjaji hakuwa na kosa, alitafuna. Kwa hiyo kosa lilikuwa la majani. Yalikuwa majani ya huku, yasiyoendelea. Sungura wa Ulaya walitaka majani ya Ulaya, yale ya kutia harufu kwenye supu: persil, menthe, basilic. Majani hayo yalitaka bustani, bustani ilitaka ardhi, na ardhi nzuri iliyokuwa karibu ilikuwa chini tu ya nyumba ya Bwana.

Lilikuwa shamba la Nyirabagenzi.

Baba yake Verdiane ndiye aliyelifyeka. Mama na binti walililima tangu alipoondoka, wakalilisha mavi ya ng'ombe waliyoyabeba vichwani kutoka malishoni, na msimu ule maharagwe yalikuwa yametoa maua. Hawakuwa na shamba jingine. Wakilikosa, wangebaki na nyumba tupu na njia ya kwenda kuomba kibarua kwenye kahawa ya Mzungu, ambako mama wa umri ule hapewi.

Hilaire mwenyewe alishuka kuleta habari.

"Mama, shamba hii iko tupu."

Nyirabagenzi alimtazama chini, miguuni. "Tupu? Na hii yenye inakugusa kwenye goti njo nini?"

"Maharagwe."

"Sasa?"

"Maharagwe si muntu. Kwa macho ya sheria, iko tupu yenye maharagwe."

"Na mi mwenye ninalima?"

"Weye unapita tu, Mama. Kila musimu unapita."

"Hilaire! Mi nilikubeba mugongoni ukiwa na kamasi!"

"Papa Karani," Hilaire akamsahihisha, akapangusa umande kwenye viatu vyake.

Asije mtu akadhani kwamba Serikali huchukua ardhi hivihivi. Sheria ni nzuri na ina upole. Lazima aje Mkaguzi kutoka Bukavu, asimame katikati ya ardhi tupu, awaulize raia kama yupo mwenye neno. Wakinyamaza, maana yake wamekubali. Hilaire alikuwa ametafsiri uchunguzi wa aina hiyo kwenye vilima vingi, na kote raia walinyamaza, kwa kuwa alikuwa na njia yake. Mkaguzi aliuliza kwa Kifaransa, "Kuna mtu mwenye haki juu ya ardhi hii?" Na Hilaire akatafsiri kwa sauti kubwa, "Kuna muntu hapa hajalipa kodi? Asimame!" Kila mtu aliinamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake. "Hakuna, Bwana," Hilaire akasema kwa huzuni kidogo. Mkaguzi akaandika.

Kona moja ya shamba iling'olewa maharagwe kwa ajili ya majaribio, na mbegu za persil zikapandwa. Bwana aliipa persil juma moja. Persil, ambayo hata huko kwao huchukua muda wake kuchomoza, haikuwa na habari ya jina la Bwana. Siku ya Mkaguzi ikafika na kona ikiwa udongo mtupu, laini, uliosawazishwa vizuri sana.

Alfajiri Straton alikuja na mzigo wa matawi mabichi, akaanza kuyachomeka ardhini kwa mistari.

"Monitere," Sebarenzi akamwambia, "hii si mubirizi?"

Ulikuwa mubirizi, mti ule wenye majani machungu ambayo mama humwaga maji yake kooni mwa mtoto mwenye minyoo huku watu wawili wamemshika miguu.

"Leo iko persil," Straton akajibu. "Bwana anataka ya kijani. Kesho tutaona."

Asubuhi hiyohiyo Nyirabagenzi aliitwa kwenda kufagia barabara upande wa Kashebere, ili gari la Mkaguzi lisitikisike. Mkaguzi alikuwa anatoka upande wa pili, lakini Hilaire alisema barabara safi haina mwisho. Mama alielewa. Alichukua ufagio, akasimama mlangoni.

"Kama wakiuliza, sema."

"Ndiyo, mama."

"Sema ndiyo tena, nisikie."

"Ndiyo."

"Ile njo sauti? Kuku akitaga analia kuliko weye." Kisha akamgusa shavu. "Sitakuwa hapo, Verdiane. Ni weye tu."

Akaondoka bila kugeuka. Verdiane alisimama pale mpaka ufagio ukapotea kwenye kona. Neno lenyewe alikuwa nalo. Alilijua tangu alipoanza kutembea nyuma ya jembe la mama yake. Ila alijua pia kwa nini yeye, miongoni mwa watu wote wa kilima, ndiye aliyeamriwa kuwapo: mwenye shamba alihudhuria, Hilaire ataweza kusema, na hakufungua mdomo.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyependa sheria kama wengine wanavyopenda nyama. Mfukoni alikuwa na kitabu kidogo cha Kiswahili. Ndani ya gari alikuwa amesoma vifungu vyote tisa, na alipotua tu alimshika Bwana Mara-Moja mkono.

"Kifungu cha tisa!" alisema, na Hilaire akatafsiri huku kifua kikipanda. "Katika jimbo zima sijaona kifungu kinachoheshimu hivi desturi za wenyeji. Natumaini kinafuatwa."

"Kila siku," Bwana akajibu.

Walishuka wote shambani: Wazungu, Komisyo, raia waliokusanywa kwa filimbi, na Monsieur ndani ya kizimba kilichobebwa na wafungwa. Madame alikuja nyuma, mwavuli mkononi. Kona ya majaribio ilipendeza. Matawi yalisimama kama askari siku ya sikukuu, na kuzunguka pande zote maharagwe yalikuwa na maua meupe, kadiri ardhi tupu inavyoweza kuwa nayo.

Bwana Mara-Moja alitaka tendo la kukumbukwa. Akainama, akachuma konzi ya majani kwa mkono wake mwenyewe, akaelekea kizimbani. Verdiane, kama kila siku, alinyoosha mkono apokee atafune. Bwana akampita.

"Eee!" wakaguna akina mama wote kwa pamoja. Mama Emérita alijishika kichwa. Kumpa mgeni bila kuonja, tena mbele ya mgeni mwingine! Hata mlevi hafanyi vile.

"Wanalia nini?" Mkaguzi akauliza.

Hilaire alimeza mate. "Wanasema... ni kifungu cha tisa, Bwana."

"Wana haki. 'Anayelitoa atalitafuna.' Nani analitoa?"

Macho ya kilima kizima yakamwendea Bwana Mara-Moja. Mkaguzi alingoja. Bwana alicheka kidogo, Mkaguzi hakucheka. Bwana alitazama majani, akayaona ni majani tu, akayatia mdomoni, akatafuna kwa nguvu kama kiongozi.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha uso wake ukaanza kuhama. Macho yalirudi ndani, masikio yakawa mekundu, na mdomo ukatafuta njia ya kuukimbia ulimi. Alimsogezea Monsieur jani kwenye wavu. Monsieur alinusa. Alifikiri. Akageuka, akampa Serikali mgongo, akaanza kujisafisha masikio.

"Mmm!" Bwana akasema. Akashika shavu, akainama apate kutema.

"Hatalitema," Mkaguzi akasoma. "Hatalimeza, wala hatasema neno, mpaka sungura awe ameanza kula. Endelea, rafiki yangu. Ni mfano mzuri sana."

Bwana Mara-Moja hakupenda kuwa mfano peke yake. Alichuma konzi ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, akamwekea Hilaire mkononi na kumkazia macho. Karani alitazama huku na huku kama anayetafuta uma. Kisha akatia mdomoni, akatafuna, na Mama Emérita akasema kwa sauti ya kutosha, "Pole, Papa Karani. Shikilia. Na kwa minyoo iko muzuri."

Raia walikuwa na adabu, hawakucheka. Walikohoa tu, kilima kizima, kama ugonjwa umeingia. Madame alijificha nyuma ya mwavuli wake, na mwavuli ukatikisika. Yeye peke yake angeweza kusema kitu kwa Kifaransa juu ya jani lile, lakini hakuwa kwenye Komisyo.

Wakangoja. Monsieur alimaliza sikio la kulia, akaanza la kushoto. Machozi yalishuka kwenye mashavu ya rais wa Komisyo, yakaingia kwenye kola.

Mkaguzi alitazama saa. Alikuwa na kilima kingine kabla ya mvua. "Tuendelee na la pili," akasema. "Uchunguzi wa ardhi tupu. Tafsiri, Hilaire."

"Mmm," Hilaire akasema.

"Ah, kweli. Kifungu."

Swali la kodi, lile lililofanya kazi kwenye vilima vingi, likabaki nyuma ya mubirizi, halikuwa na mahali pa kutokea. Mkaguzi alitoa kitabu chake kidogo, akafunua kurasa, akayatafuta maneno moja moja. Kisha akawageukia raia, akauliza mwenyewe.

"Shamba. Hii. Ya nani?"

Watu hawakuzoea kuulizwa swali lile. Walitazamana kama waliopewa chombo wasichokijua matumizi yake, kisha wakainama wakatazama vidole vyao kwa mazoea. Bwana Mara-Moja alipiga mguu chini. "Mmm! Mmm!" Hilaire alitikisa kichwa kwa nguvu, lakini haikujulikana kama anakataa ama anatetemeka kwa uchungu.

"Ya nani?" Mkaguzi akarudia, kalamu imeinuliwa. "Hapana jibu, mimi andika: tupu."

Verdiane alisimama palepale alipoachwa, mkono wake bado umenyooka kidogo. Aliusogeza ulimi. Haukugusa kitu. Tangu Komisyo izaliwe, hii ndiyo asubuhi ya kwanza mdomo wake kuwa mtupu mbele ya watu, na ilikuwa ajabu jinsi mlivyokuwa na nafasi mle ndani. Kalamu ilishuka kuelekea karatasi.

"Iko yetu," akasema.

Ilitoka ndogo. Lakini kilima kilikuwa kimya, na ndogo ilitosha. Kalamu ikasimama.

"Nani anapinga?" Mkaguzi akauliza, akawageukia wenye mamlaka. Bwana alifungua mikono, akavimbisha mashavu, akamwomba Monsieur kwa macho. Monsieur alikuwa amelala. Hilaire alisimama wima, kijani kibichi kikimtoka pembeni ya midomo.

"Wamenyamaza," Mkaguzi akasema. "Basi wamekubali." Akaandika kwamba ardhi ina mwenyewe, wala hapana pingamizi, akafunga kalamu, akawa ameridhika, maana kila kitu kilikuwa kimefuata utaratibu.

Uchunguzi ukawa umekwisha. Hakuna aliyeuliza neno jingine. Mkaguzi alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea gari lake, na raia walikuwa wameanza kukohoa tena, Verdiane alipoongeza, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka kwa wafungwa waliobeba kizimba:

"Haijakuwaka tupu, Bwana. Baba alikuwa ndani, mukamutuma mpira. Mama iko ndani. Na mi niko ndani."